Damu ya nani ndiyo ya kawaida?

Julai 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha moja ya majaribio yake kabla ya muda uliopangwa. Wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79, wote waliokwisha kukoma hedhi, walikuwa wakimeza kila siku ama vidonge vya estrojeni iliyochanganywa na projestini, ama vidonge visivyo na dawa yoyote. Matumaini yalikuwa kwamba homoni zingewakinga na maradhi ya moyo. Baada ya wastani wa miaka mitano na ushei, hesabu zilisema kinyume. Waliomeza homoni walipata kiharusi zaidi kwa asilimia 41, shambulio la moyo zaidi kwa asilimia 29, na mabonge ya damu kwenye mapafu mara mbili ya wenzao.

Matumaini yale yalipata nguvu pia kutoka maabara. Miaka mitano kabla, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti mdogo ulioonyesha kwamba estrojeni ya kumeza hushusha kwa takriban nusu kiwango cha protini moja katika damu ya wanawake waliokoma hedhi. Protini hiyo huitwa PAI-1, na kazi yake ni kuuzuia mwili usiyeyushe mabonge ya damu haraka mno. Ikipungua, mabonge huyeyuka upesi. Mabonge yakiyeyuka upesi, mishipa ya moyo na ya ubongo hubaki wazi. Hoja ilinyooka, na hatua zake za mwanzo zilikuwa zimepimwa maabara. Lililosahaulika ni swali jepesi tu: homoni hiyohiyo inafanya nini kingine ikishafika kwenye ini?

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha tunavyopotea kila tunapozungumzia tofauti ya damu ya mwanamke na ya mwanamume. Tofauti ipo, imepimwa mara nyingi, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoisoma. Tunaigeuza kuwa tabia ya kuzaliwa nayo, kana kwamba wanawake wote wana damu moja na wanaume wote nyingine, wakati sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na hali aliyomo mtu: umri wake, hedhi, mimba, kitambi, dawa anazotumia, hata saa aliyotolewa damu.

Tuuangalie mfumo wenyewe. Mshipa ukikatika, damu huganda kwa kusuka nyuzi za protini iitwayo faibrini, na nyuzi hizo ndizo zinazolishika bonge likalipa jeraha muda wa kupona. Bonge likimaliza kazi lazima liondolewe, la sivyo litaziba njia. Ini hutengeneza plasminojeni, inayozunguka kwenye damu ikiwa haina makali. Utando wa ndani wa mishipa ukimwaga kimeng'enya kiitwacho tPA, plasminojeni hugeuka kuwa plazimini, na hiyo ndiyo inayokata nyuzi za faibrini vipande vipande. Vipande hivyo hubaki vikielea, na maabara huvipima kwa jina la D-dimeri. Kwa dereva yeyote picha ni rahisi: tPA ni mafuta, PAI-1 ni breki. Breki nyingine zipo pia. Antiplasmini huikamata plazimini yenyewe, na protini nyingine iitwayo TAFI hunyoa kwenye nyuzi za faibrini zile sehemu ambazo plasminojeni hushikilia. Lakini PAI-1 ndiyo inayopanda na kushuka kuliko zote, kwa sababu hutengenezwa kwingi: kwenye ini, kwenye utando wa mishipa, ndani ya chembe sahani, na kwenye mafuta ya tumboni.

Sasa tuwachukue watu wazima wenye afya. Kwa jumla, mwanamke ambaye bado anapata hedhi ana PAI-1 ya chini kuliko mwanamume wa rika lake. Breki yake imelegea kidogo. Mji wa Framingham huko Massachusetts, ambao wakazi wake wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti wa moyo tangu 1948, ulitoa picha nzuri zaidi pale matokeo ya kizazi cha pili, yaani watoto wa wale wa mwanzo, yalipochapishwa mwaka 1995. Wanawake waliokuwa bado wanapata hedhi walikuwa na PAI-1 ya chini kuliko waliokoma. Miongoni mwa waliokoma, wanaotumia homoni walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasiotumia. Yaani mstari unaowatenga watu haupiti katikati ya wanawake na wanaume peke yake. Unapita pia katikati ya wanawake wenyewe, na mwanamke huyohuyo anaweza kuuvuka akifika miaka 50 bila kubadilika kitu kingine chochote kinachoonekana kwa macho.

Ukipima tPA, mambo yanageuka: kwa kawaida wanaume ndio wenye nyingi. Msomaji wa haraka atasema basi wanaume wana mafuta mengi, wanayeyusha vizuri zaidi. Sivyo. Kipimo kinachotumika sana huhesabu tPA yote iliyomo kwenye damu, pamoja na ile iliyokwisha kukamatwa na PAI-1 na isiyoweza tena kufanya kazi. Palipo na breki nyingi, tPA iliyonaswa huwa nyingi, na jumla inapanda. Ndiyo maana mwaka 1993, katika utafiti wa madaktari 22,071 wa Marekani, ilionekana kwamba wenye tPA ya juu ndio waliokuja kupata mashambulio ya moyo zaidi, matokeo ambayo yangekuwa kichekesho kama tPA ya juu ingekuwa na maana ya uyeyushaji bora. Na tukiwa hapohapo: madaktari wote 22,071 walikuwa wanaume.

Kuna upande mwingine ambao wanaopenda kusema "mwanamke amekingwa na maumbile" huuruka. Wanawake wana faibrinojeni, yaani malighafi ya faibrini, ya juu kidogo kuliko wanaume. Damu nzima ikiwekwa kwenye kile kifaa kinachoitikisa taratibu ndani ya kikombe kidogo na kupima ugumu wa bonge linavyojijenga, damu ya wanawake huganda mapema na bonge lake huwa gumu zaidi. Basi ukiuliza kipimo kimoja utaambiwa mwanamke ana hatari ndogo ya kuziba mishipa. Ukiuliza kingine utaambiwa ana kubwa. Vyote viwili ni vya kweli. Kimoja kinapima breki ya kuyeyusha, kingine kinapima bonge linavyofungamana kabla hata halijaanza kuyeyushwa, na hakuna kimojawapo kinachopima mwanamke.

Neno "mwenye afya" nalo linahitaji kushikwa shati. PAI-1 hupanda alfajiri na kushuka sana kufikia alasiri, kwa wanawake na wanaume. Si ajabu kwamba mashambulio ya moyo hujazana saa za asubuhi. Ukimtoa damu mwanamume saa moja asubuhi na mwanamke saa tisa mchana, umepima saa. Ukimpima mtu aliyetoka kukimbia, tPA yake imepanda. Ukimpima mwenye kitambi, awe mwanamume au mwanamke, PAI-1 yake itakuwa juu kwa sababu mafuta ya tumboni ni kiwanda chake, na sukari inayoanza kusumbua huongeza mafuta kwenye moto huo. Mwanamke wa miaka 35 mwenye unene wa tumboni anaweza kuwa na PAI-1 ya juu kuliko mwanamume mwembamba wa rika lake. Nafuu ya hedhi inaweza kuliwa yote na kitambi. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, ambako unene miongoni mwa wanawake ni mwingi kuliko miongoni mwa wanaume, sioni kwa nini mtu aendelee kufariji wanawake kwamba moyo ni ugonjwa wa waume zao.

Urithi nao hauendi sawasawa. Mwaka 2008 watafiti waliowapima watu wa Sunyani, Ghana, walichapisha matokeo kwamba jeni zinazosimamia viwango vya tPA na PAI-1 hazifanyi kazi kwa namna moja kwa wanaume na wanawake. Utafiti wa aina hii kutoka Afrika ni haba, na ule wa Sunyani unastahili kutajwa mara nyingi kuliko unavyotajwa, kwa sababu namba nyingi tunazoziita "za kawaida" zilitoka kwa watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini. Zaidi ya hapo, kwa muda mrefu majaribio ya dawa yalielemea wanaume. Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa mwongozo wa kuwaweka kando wanawake wenye uwezo wa kubeba mimba katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Nia ilikuwa njema, kwani kumbukumbu ya watoto waliozaliwa bila viungo kwa sababu ya dawa ya thalidomaidi ilikuwa bado mbichi. Mwongozo ulibadilishwa mwaka 1993. Miaka 16 si mingi katika historia ya tiba, lakini ni katika miaka hiyohiyo dawa ya kuyeyusha mabonge, tPA iliyotengenezwa kiwandani, iliidhinishwa Marekani kwa shambulio la moyo, mwaka 1987.

Mfano wa kijiografia ulio mbali kabisa nasi unasaidia kuonyesha breki hii ina uzito gani. Katika jamii ya Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani, wa Berne katika jimbo la Indiana, Marekani, wapo watu waliorithi jeni iliyoharibika ya PAI-1. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili hana breki hiyo kabisa: akiumia au akipasuliwa, damu hukatika kisha hurudi kutoka, maana bonge limeyeyushwa kabla jeraha halijafunga. Wanawake wa hali hiyo huteseka kwa hedhi nzito, jambo ambalo kaka zao hawalijui. Lakini aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja, akabaki na nusu ya breki, hana shida ya damu. Na utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa watu hao waliishi takriban miaka 10 zaidi ya ndugu zao na kisukari kiliwapata kwa nadra zaidi. Jeni ni ileile kwa kaka na dada. Kwa walioirithi kwa wazazi wote wawili, inapomgusa dada kila mwezi, kaka anaweza kukaa miaka bila kujua anayo, hadi atakapong'olewa jino.

Hedhi yenyewe ni somo la mfumo huu ambalo shuleni hatukufundishwa. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi una tPA nyingi. Damu inayotoka huwa tayari imeganda na kuyeyushwa humohumo ndani, ndiyo maana kwa kawaida hutoka ikiwa majimaji. Mabonge yanapoonekana, mara nyingi ni kwa sababu damu imetoka kwa wingi na kasi kuliko uwezo wa kuyeyusha. Na kwa wanawake wenye hedhi nzito sana, uyeyushaji ndani ya mfuko wa uzazi huwa umezidi kipimo, hata kama damu iliyochukuliwa mkononi inaonekana haina kasoro yoyote. Hapa kuna jambo ambalo vipimo vya damu ya mkononi havitaliona kamwe: mwili hauna kasi moja ya kuyeyusha. Kila kiungo kina yake.

Turudi kwenye homoni. Estrojeni ya kumeza hupita kwanza kwenye ini, na ini likiguswa hubadilisha mengi kwa pamoja. Hushusha PAI-1, ndiyo. Pia huongeza baadhi ya protini za kugandisha na kupunguza zile za asili zinazozuia kuganda, na hesabu ya jumla huelemea upande wa mabonge. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, isiyopita kwenye ini kwanza, haikushusha PAI-1 kwa kiasi cha maana katika utafiti uleule wa 1997. Dalili ilikuwa pale mezani: kilichoonekana kama kinga ya kike kilikuwa ni ini likijibu kidonge. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba wanawake wa majaribio ya 2002 walikuwa na wastani wa miaka 63, na uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa kwa wanaoanza homoni karibu na kukoma hedhi, hesabu ya moyo haiko vilevile. Hata hapo, ni hali na umri vinavyoamua.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vina mkanganyiko uleule. Hushusha PAI-1 lakini hupandisha TAFI, ile breki ya pili, na hatari ya bonge kwenye mishipa ya miguu huongezeka takriban mara tatu. Mara tatu ya kitu kidogo bado ni kidogo. Mimba yenyewe huleta hatari kubwa kuliko vidonge, na sitaki mtu aviache kwa sababu ya makala hii. Ninachotaka ni tuache kutupa kila njia kwenye kapu moja. Nchini Tanzania na Kenya wanawake wengi wanaotumia njia za kisasa hutumia sindano na vipandikizi, na vipandikizi havina estrojeni kabisa. Maneno ya mtaani kwamba "uzazi wa mpango unagandisha damu" humtisha mwenye kijiti mkononi kwa kosa la kidonge ambacho hajawahi kukiona.

Mimba ndiyo inayovunja kabisa wazo la mtu mzima mmoja wa kawaida. Mwili wa mjamzito hujiandaa kwa ajili ya siku ya kutokwa na damu. Faibrinojeni, ambayo kwa watu wengine ni gramu 2 hadi 4 kwa lita, hupanda hadi 4 na hata 6. PAI-1 hupanda, na kondo la nyuma huongeza breki yake lenyewe, PAI-2, ambayo kwa mtu asiye mjamzito haipimiki kwa urahisi. Uyeyushaji hupungua wiki kwa wiki. Mtoto akizaliwa na kondo likitoka, breki zinaachiliwa ndani ya muda mfupi. Mara nyingi mambo huenda salama. Lakini kwa mwanamke anayevuja damu kwa wingi, mfumo unaweza kuelemea upande wa pili, akayeyusha mabonge yaleyale yanayotakiwa kuziba mishipa ya mfuko wa uzazi. Ni mwanamke huyohuyo, na kati ya damu yake ya saa nane na ya saa kumi kuna tofauti kubwa kuliko ile ya mwanamke na mwanamume yeyote niliowataja hapo juu.

Aliyeliona hili mapema ni mwanamke. Utako Okamoto, daktari wa Japani, pamoja na mumewe Shosuke, walitangaza mwaka 1962 dawa waliyoigundua, asidi ya traneksami, inayoizuia plasminojeni isishike kwenye nyuzi za faibrini. Nia yake ilikuwa kuwasaidia wanaovuja damu baada ya kujifungua. Madaktari wa uzazi wa mahali pao hawakushawishika kuijaribu. Dawa ikaenda kutumika kwenye hedhi nzito, kung'oa meno na upasuaji, na swali la mama aliyejifungua likakaa kabatini kwa zaidi ya nusu karne.

Majaribio makubwa ya kwanza ya kisasa, CRASH-2, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalihusu majeruhi. Kati ya watu 20,211 kutoka nchi 40, wengi mno walikuwa wanaume, jambo lisiloshangaza kwa ajali za barabarani na visu. Vifo vilipungua kwa waliopewa dawa mapema. Ndipo mwaka 2017 yakaja majaribio yaitwayo WOMAN: wanawake 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua, katika nchi 21, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Waliokufa kwa kuvuja damu walikuwa asilimia 1.5 kwa waliopata dawa na 1.9 kwa wasioipata. Kwa waliochomwa ndani ya saa 3 ilikuwa 1.2 dhidi ya 1.7. Mabonge mabaya hayakuongezeka. Shirika la Afya Duniani likaelekeza mwaka huohuo gramu 1 kwenye mshipa, ndani ya saa 3, na ya pili kama damu inaendelea kutoka baada ya nusu saa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida kwa takriban asilimia 10. Utako Okamoto alifariki Aprili 2016 akiwa na miaka 98, mwaka mmoja kabla ya jibu hilo kutoka.

Kuna waliodhani basi apewe kila mama mwenye upungufu wa damu, mtoto akitoka tu, asisubiriwe kuvuja. Wazo lilijaribiwa kwa wanawake 15,068 wa Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia, na matokeo ya 2023 yakasema halikusaidia: asilimia 7.0 ya waliopewa dawa walivuja damu nyingi, na 6.6 ya wasiopewa. Kwangu matokeo haya ni muhimu sawa na yale ya 2017, na yanasomwa kidogo mno. Yanaonyesha kwamba dawa ya kuzuia uyeyushaji inasaidia pale uyeyushaji unapokuwa tatizo, wala haigeuki kinga kwa sababu tu mgonjwa ni mwanamke na amejifungua. Mwaka huohuo wa 2023, majaribio ya E-MOTIVE katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yalionyesha kitu cha kawaida kabisa chenye nguvu kubwa. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu inayotoka, badala ya kukadiria kwa macho, kisha wakafanya yote kwa mkupuo mmoja: kusugua tumbo, dawa za kubana mfuko wa uzazi, asidi ya traneksami, dripu, uchunguzi. Jumla ya uvujaji mkali, upasuaji wa dharura na vifo kutokana na damu ilishuka kwa asilimia 60. Katika mpango ule hakuna aliyehitaji kujua PAI-1 ya mgonjwa. Walihitaji kujua damu imefika alama gani.

Sasa linganisha na Uingereza, nchi yenye helikopta za dharura na kumbukumbu za kila majeruhi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulithibitisha kwamba asidi ya traneksami inawafaa majeruhi wa kike sawa na wa kiume. Kisha ukaangalia nani anapewa: majeruhi wa kike waliipata kwa kiwango cha chini ya nusu ya wanaume. Sehemu ya pengo inaelezeka kwa umri na aina ya ajali, maana bibi aliyeanguka nyumbani hafanani na kijana aliyegongwa na lori. Hata baada ya kuzingatia hayo, pengo lilibaki, na lilizidi kadiri umri ulivyopanda. Hapa biolojia haina neno la kusema. Hakuna protini iliyomnyima yule bibi sindano. Kuna mtu aliyemtazama akaona hajaumia sana.

Na kwenye kiharusi ni hivyohivyo kwa upande wa pili wa mfumo, ule wa kuyeyusha. Majaribio kadhaa ya tPA yalipounganishwa mwaka 2005, ilionekana kwamba wanawake wasiopewa dawa walibaki na ulemavu zaidi kuliko wanaume wasiopewa, na kwamba dawa iliifuta tofauti hiyo. Kwa maneno mengine, kumnyima mwanamke dawa kulikuwa na gharama kubwa zaidi. Mwenye kuamini kwamba damu ya kike hujiyeyusha yenyewe angetarajia kinyume chake.

Sisemi basi tuache kupima wanawake na wanaume mbalimbali. Nasema tupime kwa uangalifu kuliko hapo, na mahali pazuri pa kuanzia ni karatasi ya majibu ya maabara. Chukua D-dimeri, kipimo kinachotumika kuondoa shaka ya bonge kwenye mguu au mapafu. Kikomo kilichozoeleka ni nanogramu 500 kwa mililita. Wanawake kwa wastani huwa na kiwango cha juu kuliko wanaume. Wazee nao huwa juu, na ndiyo maana kwa waliovuka miaka 50 madaktari wengi sasa huzidisha umri kwa 10, hivyo mtu wa miaka 72 kikomo chake ni 720. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa njia hiyo ni salama. Kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho, kuvuka 500 ni jambo la wengi walio wazima kabisa. Mama wa hivyo akipewa karatasi iliyopigwa alama nyekundu kwa kikomo cha 500, atahangaishwa kwa picha za mapafu asizozihitaji, au, vibaya zaidi, daktari aliyezoea kuona alama hizo nyekundu ataipuuza siku ambayo bonge lipo kweli.

Fomu zetu nyingi za maabara zina kisanduku cha ME au KE na umri, basi. Ningeongeza vitatu: mimba ya wiki ngapi au amejifungua lini, anatumia homoni gani na kwa njia gani, na damu imetolewa saa ngapi. Kwa PAI-1 na ndugu zake, ambavyo kwetu hupimwa zaidi katika utafiti kuliko wodini, ningeongeza na mzunguko wa kiuno. Hakuna mashine mpya ya kununua hapo. Mtaalamu wa maabara anayechapisha kikomo kimoja kwa kijana wa miaka 25, mjamzito wa wiki 36 na ajuza wa miaka 80 anaweza kubadilisha mpangilio wa programu yake wiki hii, na daktari anayepokea jibu lisilo na maelezo hayo ana haki ya kulirudisha.